Picha ya Kichwa cha Chacha

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa za akili, na binti aliyezipokea akaniuliza ni mgonjwa gani sitamsahau. Nilimjibu kwamba ni wengi, jibu la mtu aliyechoka na anayewaza gari la kumpeleka nyumbani. Sasa nimepumzika. Nimekaa kwangu Nyamwaga, asubuhi nakagua migomba kama nilivyokuwa nakagua wodi, na jibu la kweli ninalo. Naliandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mliobaki zamu. Vyeo na mishahara sivigusi. Vyeo vyangu vinaenea kwenye mstari mmoja, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliingia kliniki ya akili Tarime bila kupenda. Nilikuwa muuguzi mgeni, wenzangu wote walikuwa na visingizio vilivyoandaliwa vizuri, mimi sikuwa na hata kimoja. Aliyenipokea ni Sista Nyangi, mama mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye alikuwa amefanya kazi hiyo peke yake kwa miaka mingi na hakuonekana kufurahi kupata msaidizi.

Siku hiyo ya kwanza walikuja watu wanne wamembeba mwenzao kwenye pikapu, amefungwa kamba za katani mikono na miguu, anatukana kwa Kikurya matusi ambayo mpaka leo sijayasikia tena. Mimi nilisimama karibu na mlango, tayari kukimbia. Sista Nyangi alikaa chini sakafuni, sare yake nyeupe na vyote, akamuuliza yule mtu, kama mama anayemwita kijana wake, "Mura, kwenu mna ng'ombe wa rangi gani?"

Yule mtu alinyamaza. Kisha akaanza kuwataja: mweusi mwenye baka kwenye paja, mwekundu aliyevunjika pembe, mweupe aliyezaa mapacha. Alipofika wa sita akapotea, akarudi kwenye matusi. Sista Nyangi akasimama, akajikung'uta, akaniambia nilete sindano.

"Usiwe na haraka ya kumuuliza anasikia nini," aliniambia baadaye tukinywa chai. "Hizo sauti kila mgonjwa wetu anazo, hazikwambii ugonjwa ni mkali kiasi gani. Muulize ng'ombe wa kwao. Akiwataja wote, ugonjwa bado uko mlangoni. Akipotea katikati, umeshaingia ndani. Akikutazama tu, asione hata kwa nini unauliza, huyo umeshalala kitandani kwake."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Kwa mtoto wa fundi cherehani wa pale sokoni, ambaye kwao hawakufuga hata kuku, tuliuliza vitambaa. Nimekitumia kipimo hicho kazi yangu yote, na fomu za kupima ukali wa skizofrenia, ugonjwa wenyewe huo wa sauti, zilipokuja, zenye visanduku vya kuweka alama, nilizijaza kwa uaminifu baada ya kuuliza ng'ombe kwanza.

Miaka michache baadaye nilipelekwa masomoni, na huko nikashika ubongo wa mtu. Mwalimu alitutoa darasani akatupeleka kwenye chumba cha maiti, akatuwekea mikononi mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa na uzito wa mtetea mdogo. Wenzangu walicheka kwa woga. Mimi nililia, na sikuona aibu. Nilikuwa nimeshika mahali ambapo mtu fulani alikuwa amehifadhi jina la mama yake, njia ya kwenda kisimani, na kila neno alilopata kusema, na pale mikononi mwangu hapakuwa na alama hata moja ya kuonyesha lipi lilikaa wapi. Nilinawa, nikarudi bwenini, nikashindwa kula mpaka kesho yake.

Baadaye nilihamishiwa Mugumu, nikarudishwa Tarime, nikapelekwa Mugumu tena, kwa sababu ambazo ofisi huzijua yenyewe. Tukiwa Mugumu alikuja daktari bingwa wa akili kutoka Mwanza kutufundisha kwa siku mbili. Alileta picha za vichwa, zile nyeusi za mashine ya CT, akaziweka moja moja mbele ya mwanga. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba katikati ya ubongo mna vyumba vya maji, viwili vikubwa vimekaa kama mabawa ya kipepeo, na kwamba maji hayo si ugonjwa, kila mtu anayo. Alisema wataalamu waliolinganisha wagonjwa wengi wa skizofrenia na watu wasiougua wameona kuwa kwa wagonjwa vyumba hivyo huwa vimepanuka kidogo, na gamba la juu la ubongo limepungua unene kidogo, hasa kwa wale ambao ugonjwa wao ni mkali na wa muda mrefu, wale wanaokaa kimya na kuacha kujitunza.

Niliandika yote hayo kwenye daftari. Halafu akasema jambo la pili: kwamba hayo huonekana ukikusanya watu wengi, lakini ukipewa picha ya mtu mmoja huwezi kusema huyu ni mgonjwa, wala ugonjwa wake ni mkali kiasi gani. Hilo sikuliandika. Chai na maandazi vilikuwa vimefika.

Sasa nifike kwa Chacha.

Chacha aliletwa kwangu nilipokuwa nimerudishwa Tarime, na kaka yake Marwa, mkulima wa mahindi, mtu mpole asiyependa kupoteza maneno. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kufariki. Chacha alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kwa mujibu wa Marwa ndiye aliyekuwa na kichwa chepesi kuliko wote pale nyumbani. Ugonjwa ulianza na sauti mbili zilizokuwa zikimjadili mchana kutwa. Sindano ya mwezi ilipunguza ugomvi na kukimbia porini, lakini haikugusa kimya chake. Alikaa akiutazama ukuta wa jiko. Kuoga alikumbushwa, kula alikumbushwa. Nilimuuliza ng'ombe wa kwao, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kwa adabu kabisa, akarudi kutazama miguu yake.

Siku moja alianguka akakakamaa. Yule daktari bingwa wa Mwanza, aliyekuwa sasa akituongoza kwa simu, akataka kichwa kipigwe picha, tusije tukawa tunatibu skizofrenia kumbe ndani mna uvimbe. Marwa akampeleka. Walirudi na bahasha kubwa, na ndani yake filamu ya picha na karatasi ya majibu: hakuna uvimbe, hakuna damu, vyumba vya maji vimepanuka kidogo. Daktari aliyaona majibu, akaongeza kidonge cha kifafa, akasema tuendelee na sindano.

Mimi sikuridhika na kuendelea. Nilitaka kufundisha. Niliibandika ile filamu kwenye kioo cha dirisha la kliniki, kwa plasta ya vidonda, jua likapita ndani yake, na kichwa cha Chacha kikaonekana kimekatwa vipande vipande kama mkate. Sijui niseme nini kuhusu uzuri wa kitu kile. Nilimvuta Marwa karibu.

"Unaona hapa peusi?" nilimwambia. "Haya ni maji. Kwa mdogo wako vyumba vyake vimekuwa vikubwa. Ndiyo maana ugonjwa wake ni mkali hivi. Si uchawi, si laana ya mtu. Ni hapa."

Marwa aliweka kidole pale nilipoonyesha. "Haya maji, Sista, yanatolewa?"

"Hayatolewi."

"Hospitali hawawezi?"

"Hawawezi," nilisema, nikageuka kumwita mgonjwa mwingine. Akaibandua filamu taratibu asiichane, akaondoka nayo. Nilifurahi siku nzima. Nilijiona nimeshinda waganga wote wa wilaya kwa dirisha moja.

Mwezi uliofuata Chacha hakuja kuchomwa sindano. Baada ya wiki moja mama mmoja jirani yao, aliyekuja kliniki kuchukua dawa za binti yake, aliniambia kama mtu anayetoa habari njema. "Chacha ameshanyolewa, Sista. Jumamosi wanampeleka Kemambo kwa mzee Nyamhanga, akamwage yale maji."

Kwa wasiotoka huku lazima nieleze. Wakurya, kama majirani zetu Wakisii, wamekuwa na mafundi wa kufungua vichwa tangu kabla hospitali haijafika. Mtu akipigwa rungu, maumivu yakakataa kuisha, fundi humchana ngozi, akakwangua mfupa kidogo kidogo kwa kisu kilichopinda, akatoa vipande vilivyovunjika, akafunga. Wengi walipona na kuzeeka na kovu lao. Wengine hawakupona. Kazi yenyewe ilikuwa imekaribia kwisha, na mzee Nyamhanga alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki na visu vyao. Nilikuwa nimemsikia tu. Nilichojua ni kwamba mtu hatakiwi kufunguliwa kichwa kwa sababu ya sauti, na kwamba mimi ndiye niliyewaonyesha mahali pa kufungua.

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nina filamu. Miaka miwili kabla ya hapo bodaboda ilinitupa mtaroni nikitoka nyumbani, nikapoteza fahamu, nikapigwa picha ya kichwa Mwanza. Iliandikwa kwamba kila kitu ni cha kawaida kwa umri, maneno ambayo mwanamke hayasahau. Jioni nyumbani niliitoa chini ya godoro, nikaitazama mlangoni kwa mwanga wa nje. Vyumba vyangu vya maji vilikuwa vikubwa. Nilivyokumbuka ile ya Chacha, vya kwangu vilivizidi vyake.

Jumamosi asubuhi nilifika Kemambo, filamu chini ya kwapa, sindano ya Chacha kwenye mkoba. Kwa mzee Nyamhanga paliandaliwa vizuri kuliko nilivyotegemea: uwanja umefagiliwa, sufuria ya maji inachemka, visu vitano vimepangwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni. Chacha alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa cheupe bila unywele, ametulia kabisa. Nyuma yake alisimama Marwa, na ile bahasha mkononi.

"Shikamoo, tata," nilimwamkia mzee, kama tunavyomwita baba.

"Marahaba. Wewe ndiye nesi wa dirishani?"

Nilisema ndimi. Alikuwa mzee mfupi, mikono safi, kucha zimekatwa mpaka mwisho, na nilivyoiona mikono ile nilijua huyu si mhuni wa kubahatisha. Nikamwomba aniruhusu niweke picha mbili juu juani, ya Chacha na nyingine. Akaruhusu. Marwa alishika moja, mimi nikashika nyingine, na mzee akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa.

Alitazama kwa muda mrefu. Akainama, akainuka, akahamia upande wa pili kuona kama nyuma kuna kitu tofauti.

"Mimi nimefungua vichwa tangu ujana wangu," alisema mwishowe. "Ubongo nimeuona kwa macho. Unapumua, nesi, unajua hilo? Ukitoa mfupa unakuta ngozi nyembamba ndani, na chini yake ubongo unapanda na kushuka, kama utosi wa mtoto mchanga. Hiyo ngozi siigusi. Babu yangu alinikataza. Kwa hiyo nilikuwa najua mlangoni tu. Hivi vyumba vya ndani sijawahi kuviona."

Nilimwonea wivu, naomba mniamini. Mimi niliyeshika ubongo uliokufa, yeye aliyeuona ukipumua, na wote wawili tumesimama juani tunashangaa plastiki nyeusi.

"Vyumba vya nani vikubwa zaidi?" nilimuuliza.

Akaonyesha ya upande wangu bila kusita.

"Basi hiyo ni ya kwangu. Kama maji ndiyo yanaleta ugonjwa, tata, anza na mimi."

Mzee akanitazama juu mpaka chini. "Unasikia sauti?"

"Za wajukuu tu."

Hakucheka. Marwa ndiye aliyepandwa na hasira, na kwa mtu yule mpole ilikuwa mara ya kwanza naiona. "Sista, si wewe uliniambia? Pale dirishani? Ulisema ni hapa! Niliweka kidole hapa na wewe unaona!"

Ningeweza kusema hakunielewa. Wauguzi tunajua sana kusema hivyo. Lakini visu vilikuwa palepale kwenye jani, na Chacha alikuwa amenyolewa kwa maneno yangu.

"Nilikosea," nilisema. "Nilijua nusu ya jambo nikakupa kama zima. Vyumba vinaweza kupanuka na mtu akawa mzima. Vinaweza kuwa vidogo na mtu akaugua sana. Hakuna anayeweza kutazama picha ya mtu mmoja akakwambia ugonjwa wake una ukali gani."

Mzee Nyamhanga alianza kuokota visu vyake, kimoja kimoja, akavifuta. "Mimi sifungui kichwa ambacho hakikupigwa," alisema, na sasa alikuwa anaongea na Marwa. "Nilikukatalia mara ya kwanza ulipokuja, na mara ya pili. Mara ya tatu ukaja na hii karatasi yao. Nikasema, kama hospitali wenyewe wameyaona maji, mimi ni nani." Kisha akanigeukia. "Lakini niambie. Kichwa chako na chake vimefanana hivi. Yeye yuko hivi, wewe uko hivyo. Tofauti iko wapi?"

Nilikuwa na miaka mingi kazini, na vyeti kwenye fremu.

"Sijui, tata," nilisema. "Na aliyenifundisha naye hajui. Wanatafuta."

Marwa akashusha mikono. Nilimwona anavyokata tamaa, mtu mzima aliyemlisha mdogo wake kwa kijiko, aliyetembea na bahasha kama mtu aliyepata ramani. Hapo ndipo Chacha alipoinuka kwenye kigoda. Hakuna aliyemwambia ainuke. Akaichukua ile filamu mikononi mwa kaka yake, akaiinua juu.

"Hiki ni mimi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Ni wewe," nilimjibu.

Aliitafuta yote, kipande baada ya kipande, akifuata kwa kidole, kama mtu anayesoma orodha ya majina ya waliofaulu. "Wale wawili wanaonisema, wako wapi hapa?"

"Hawaonekani, Chacha."

"Hata na mashine?"

"Hata na mashine."

Akatazama tena, kisha akaishusha filamu, akanitazama, akamtazama mzee, akamtazama kaka yake. Uso wake ukalegea, uso ambao nilikuwa sijauona ukifanya chochote.

"Kwa hiyo na ninyi hamwaoni," alisema. "Nilidhani ni mimi tu nisiyewaona. Nilidhani ninyi mnawaona, mnanificha."

Marwa alilia. Mzee Nyamhanga aligeukia sufuria yake akajifanya anaangalia moto. Mimi nilisimama na ubongo wangu mwenyewe mkononi, na nawaambia kweli, wanangu, sijapata kuogopa na kushukuru kwa pamoja namna ile. Miaka yote hiyo kimya chake nilikuwa nakihesabu kuwa ni ugonjwa uliolala kitandani. Sehemu yake ilikuwa ugonjwa. Sehemu nyingine alikuwa kijana anayesubiri tuache kumdanganya.

Nilimwambia nimekuja na sindano yake, na kwamba akikataa sitamshika. Alifikiri. Akasema sawa, ila watu wageuke. Tukageuka wote, mpaka nilipokumbuka kwamba mwenye sindano ni mimi.

Hakupona. Nisingependa mfikiri alipona. Kuna miezi anaoga mwenyewe na kupalilia mahindi pamoja na Marwa, na kuna miezi anarudi ukutani, na hakuna picha iliyowahi kunitabiria ipi inafuata ipi. Lakini kuanzia siku ile alikuja kliniki kwa miguu yake, hakuletwa. Kila alipofika nilianza kwa kumwambia kile ninachokijua na kile nisichokijua kuhusu ugonjwa wake, na kila mara alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia wale wawili wamesema nini mwezi huo. Mwezi wa mwisho wa kazi yangu alinieleza kwamba walikuwa wakibishana kama nikistaafu nitakumbuka kumuaga. Nilimuaga. Akanipa mkono, akainamisha kichwa kwa heshima, na nikaona utosi wake umejaa nywele, mzima, haujafunguliwa na mtu.